Karwirwa ana asubuhi moja ya kuiamsha Landrova ya baba

Karwirwa Mithika ameingiza mkono chini ya boneti hadi begani, na kiganja chake kimetulia juu ya dainamo, mtambo wa kuchaji betri. Injini haijawashwa tangu jana jioni. Radieta ni baridi, injini ni baridi, hata spana aliyoisahau juu ya madigadi imeshika umande. Lakini dainamo ina joto.

“Usiku mzima ilikuwa inakunywa betri,” anasema polepole. “Na mimi nimelala nikidhani nimemaliza kazi.”

Fundi huyu wa umeme wa magari, mwenye umri wa miaka 47, amefunga kibanda chake cha Kinoru, mjini Meru, tangu Jumanne. Siku nzuri humpa shilingi mia tisa. Wiki hii hajapata hata moja, kwa sababu yuko Mikinduri, kwenye boma la marehemu baba yake, akipambana na Landrova ya mwaka 1961 ambayo jana ilichaji vizuri mchana na leo imeamka imekufa.

Leo alfajiri alipozungusha ufunguo, ilitoa mlio mmoja mdogo, tik, ikanyamaza. Ndugu zake wawili walikuwa wamesimama kando wakitazama. Mdogo wao, Salesio, alipiga makofi.

“Fundi wa Kinoru! Tuite vijana wasukume?”

Karwirwa alifungua boneti.

Gari hilo halitakiwi kusukumwa. Ndilo sharti. Mzee Mithika alipofariki mwaka jana, shamba lake la miraa liligawanywa sehemu mbili, kwa Hezekiah, kifungua mimba, na kwa Salesio. Mpaka wa miche ukapandwa kabla binti yake, Karwirwa, hajaitwa. Alipokuja kuuliza fungu lake, kikao kiliitishwa, wazee wawili wa ukoo wakaalikwa, na Hezekiah akatoa uamuzi.

“Nilisema hivi,” anaeleza Hezekiah, akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba na kifurushi cha miraa mapajani. “Yeye aliolewa. Kama ndoa ilimshinda, hiyo si kosa ya shamba. Lakini ni damu yetu, hatuwezi kumtoa mikono mitupu. Hii gari ikiamka yenyewe asubuhi, bila kusukumwa na bila betri ya kuazima, achukue. Isipoamka hadi Jumamosi, mtu wa vyuma chakavu anakuja kuipakia. Na mambo ya shamba yaishe.”

Leo ni Ijumaa.

Sharti hilo halikutoka hewani. Enzi za uhai wake, mzee alibeba miraa kwa gari hilo hadi sokoni, na karibu kila asubuhi lilisukumwa kuteremka mlima. Wavulana walisukuma. Karwirwa, akiwa na miaka tisa, alikaa kwenye usukani kwa kuwa alikuwa mwepesi, akasubiri baba apige kelele “Achilia!” ndipo aachie klachi.

“Tulisukuma na matope hadi magotini,” asema Hezekiah. “Yeye amekaa ndani kama bibi wa DC. Sasa anataka tugawane sawa?”

“Ni kweli walisukuma,” Karwirwa anakubali, macho yake yakiwa kwenye waya. “Hilo siwezi kulikataa. Lakini mimi sikujiweka pale ndani.”

Hapo kwenye usukani ndipo alipoanza kuuliza kwa nini gari la watu wengine huamka lenyewe. Hakupata shule ya ufundi. Alipoachana na mumewe alienda kufagia gereji moja mjini, akawa anakusanya dainamo zilizotupwa na kuzifungua jioni. Anachojua alikijua kwa kufungua na kurudisha.

Jumatano, kazi ya kwanza ilikuwa kutazama betri. Aliikuta imefungwa kinyume. Magari mengi ya leo hushikisha upande hasi kwenye bodi. Landrova hii ya zamani hushikisha upande chanya. Hezekiah ndiye aliyenunua betri mpya na kuifunga, akitumaini kuliuza gari likiwa linatembea.

“Betri ni betri,” Hezekiah anajitetea.

“Fundi yeyote wa siku hizi angefunga vile,” Karwirwa anasema. “Mimi mwenyewe, kama nisingelijua hili gari, ningefunga vile.”

Aligeuza nyaya, akaiamsha dainamo upya, na jana sindano ya dashibodi ikapanda upande wa kuchaji. Alifurahi. Alikunywa chai kwa wifi yake akalala mapema. Sasa, mkono ukiwa juu ya chuma chenye joto, anajua alifurahi kabla ya wakati.

Anafuata waya kutoka kwenye dainamo hadi kijisanduku cheusi kilichofungwa kwenye bati nyuma ya injini. Anafungua kifuniko. Ndani mna vidole viwili vidogo vya shaba. Injini ikizunguka vinapaswa kugusana ili umeme uende kwenye betri, na injini ikizimwa vinapaswa kuachana ili umeme usirudi nyuma.

Havijaachana. Siku ile betri ilipofungwa kinyume, umeme mkubwa ulipita hapo ukaviunguza vikashikamana. Usiku wa jana, kilichoingia mchana kilirudi kwenye dainamo, kikaishia kuwa joto.

Anatoa waya wa betri, anapenyeza wembe katikati, na vidole vinaachana kwa mlio hafifu. Anavisugua kwa msasa laini, anapuliza, anasugua tena. Salesio amesogea. Hadhihaki tena.

“Si ungetoa tu huo waya usiku, asubuhi urudishe? Nani angejua?”

“Mimi ningejua. Ingelala imefungwa kamba kama mbuzi. Nataka ilale kama gari.”

Kisha, bila kuinua kichwa, anasema jambo ambalo huenda amekuwa nalo tangu Jumanne. “Salesio, unajua kazi hii inavyoniuma? Kila waya ninaokaza, najifungia lango la kwetu kwa mkono wangu mwenyewe.”

Salesio anatazama mpaka mpya, mche kwa mche, hadi mtoni.

Alasiri, kwa betri ileile, iliyotiwa chaji dukani sokoni, Landrova inawaka na kutetemeka. Sindano inapanda. Karwirwa anaiacha ikinguruma kwa muda mrefu, kisha anaizima na kusubiri. Baada ya saa moja anarudisha kiganja kwenye dainamo. Imepoa sawa na vyuma vingine.

Hezekiah anakuja kuchungulia. “Itaamka?”

“Sijui. Jana pia ilichaji.”

“Ikiamka tumemalizana.”

“Hapana, Hezekiah. Sharti la gari nililikubali. La shamba sikulijibu. Nilinyamaza, mkasema nimekubali.”

“Wazee walisikia!”

“Walisikia nini? Sikufungua mdomo.”

Kaka yake anakunja kifurushi cha miraa, anakifunga, anakifungua tena. Sheria za nchi hazimbagui binti katika urithi. Karwirwa alielezwa hivyo na karani mmoja mjini, naye hakuamini hadi alipoelezwa mara ya pili. Mpango wake ni huu: Landrova ikiamka kesho, ataiendesha hadi Meru, na Jumatatu, kabla ya kufungua kibanda cha Kinoru, atapitia nayo mahakamani kudai fungu lake.

“Na isipoamka?” anauliza Salesio.

“Nitapanda bodaboda. Mahakama haiulizi umekuja na nini.”

Jua limeshuka. Waya wa taa za nyuma bado unaning’inia, na kijisanduku kimeshikwa na skrubu moja badala ya mbili. Karwirwa anatazama mwanga uliobaki, anaona hautoshi, na kurudisha bisibisi mfukoni. Nyaya zote mbili za betri ameziacha zimefungwa. Anashusha boneti taratibu na kwenda kunawa mikono.