Hongera Niliyompa Barasa

Mwanangu, kinyozi wangu wa hapa Kitale aliniambia siku moja, wembe ukiwa shingoni mwangu, kwamba mtu akifa mtandao huifuta picha yake siku hiyohiyo. Ati kioo cha simu hupima joto la kidole. Kidole kikipoa, wakubwa wa ng'ambo wanaarifiwa, na ukurasa unafungwa kabla hata jeneza halijanunuliwa. Niliamini. Nilikuwa nimemaliza ngumbaru ya usiku, cheti nimekitundika juu kuliko picha ya harusi yangu, na bado niliamini.

Basi nikaanza kutafuta watu wangu. Ujanani tulifanya kazi kwenye ghala la mahindi: mimi nikishona midomo ya magunia, Ndiema wa Cheptais akipima, Barasa wa Matulo akibeba. Barasa huyo, bana! Alibeba magunia mawili kwa bega moja huku anakula muhogo, na lori likimwona anakuja lilianza kuinama lenyewe. Nilitaka tukutane mara moja tu, tule mbuzi, tuchekane mvi.

Nikaandika jina la Ndiema: huyu hapa, kofia upande. La Barasa: huyu hapa, anacheka meno yote arobaini. Nikampigia mke wangu kelele hadi jikoni kwamba wote wazima! Tangu hapo kila asubuhi nilifungua, nikawatazama, nikafunga. Sikuwaandikia neno. Haraka ya nini, si wapo?

Miezi ikapita hivyo. Kisha chini ya picha ya Barasa, binti yake Nekesa akaandika: "Baba yetu amepumzika. Asante Mungu kwa miaka yake ya kazi." Nikajua amestaafu. Watu walikuwa wamejaza pole, nami nikaona ni sawa. Aliyebeba mahindi ya wilaya nzima anastahili pole na kazi. Nikaandika: "Hongera Barasa! Hata lile lori lilistaafu kabla yako. Keti sasa mama akuchinjie kuku, ubakishe paja, nakuja."

Na kweli nikaenda, mkate na sukari mkononi. Nilipofika kwake Matulo nikaita nikiwa bado nje: "Barasa! Toka, mvivu wewe!"

Akatoka mkewe, Mama Nekesa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa.

"Ni wewe uliandika hongera?"

"Ni mimi, shemeji."

"Tulisoma hiyo kitu yako tukiwa matanga. Nekesa alilia mpaka akashikwa. Ndugu zake wakasema ukikanyaga hapa watakuvunja miguu."

"Shemeji, mimi nilidhani..."

"Najua, Baba Nanjala. Niliwaambia huyo hana ubaya, huyo ni vile tu ako."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa bado mwekundu, mvua imekula pembe moja. Aliniambia Barasa aliugua tangu wakati wa kupanda, akaisha mwili, mpaka yeye aliweza kumgeuza kitandani peke yake. Siku za mwisho alikuwa akiuliza yule mshonaji yuko wapi, aje amwambie uongo mmoja acheke. Walitafuta namba yangu wakaikosa. Na siku hizohizo mimi nilikuwa Kitale, natazama picha yake, nimeridhika.

"Na Ndiema?" nikauliza.

"Ndiema alitangulia. Barasa mwenyewe alienda kumzika."



Mwanangu, ukimkumbuka mtu uliyefanya naye kazi, usiridhike kumtazama kwenye simu. Mtafute mwenyewe. Namba ikikataa, uliza jirani, uliza kanisani kwake, funga safari uende, maana mtu anaugua huku picha yake inacheka. Na ukisoma kwamba fulani amepumzika, uliza kwanza amepumzikaje. Mungu akutunze, akupe marafiki wa kuzeeka nao, akufikishe kwao wakiwa bado na nguvu za kukutukana.

Nilipokuwa naaga nilimwuliza Mama Nekesa, kwa sauti ya chini, mbona basi wakubwa wa mtandao hawajamfuta. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto.

"Wakubwa gani? Huko hakuna mtu anajua Barasa alikufa. Sisi ndio tunajua. Ungetuuliza."