Jikoni Hakuna Barabara

Kabla ya globu za LED kufika Kagongwa, gari la Kalisti lilijulikana kutoka mbali, kama mtu anavyojulikana kwa kikohozi chake. Taa ya kushoto ilikuwa ya njano, rangi ya papai lililoiva kupita kiasi. Ya kulia ilitazama juu ikimulika matawi na popo. Probox hiyo ilibeba mchele na watu kati ya Kagongwa na Isaka, na giza likianza kuingia watoto walisema, "Kalisti huyo," hata muungurumo haujafika.

Aliyezifahamu taa hizo kuliko wote ni Bernadina, mama mkwe wake, anayeishi kijiji kimoja kabla ya Isaka. Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Anayemwona mwenzake kwanza huacha njia. Bernadina akiona ile njano alishuka barabarani, akaingia katika mtama wa watu na kugeuza mgongo mpaka gari lipite. Kalisti naye alipunguza mwendo akatazama upande wa pili, jambo la hatari kwa dereva lakini la heshima. Siku hizi naona vijana wanacheza muziki na mama wakwe zao harusini, jasho kwa jasho, na watu wanapiga makofi. Mimi sisemi kitu. Nilishasema sana na hakuna aliyesikia.

Kalisti ni jirani yangu, tumetenganishwa na ua wa minyaa. Ujanani alichimba dhahabu Geita. Siku moja tochi ilimzimikia chini kabisa ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia, akapanda kamba akipapasa kuta kama kipofu. Alitoka humo na pesa ya nusu gari na mapenzi ya ajabu kwa kitu chochote kinachowaka. Gari aliliosha kabla ya kuoga mwenyewe.

Kwa hiyo fundi Edward, yule wa umeme wa magari pale stendi, hakuhitaji maneno mengi.

"Kaka, hizi zako si taa, ni makaa," alimwambia. "Nikufungie LED mbele, nyuma, na kwenye indiketa. Ukiwasha, mtu aliyeko Isaka anavaa miwani."

"Betri itahimili?"

"Zinakula umeme kama ndege anavyokula mtama. Mzee hapo ni shahidi."

Mzee hapo nilikuwa mimi, na sikuwa shahidi wa chochote. Nilisema tu kwamba gari ni chombo cha kwenda, si cha kung'aa. Edward alicheka, akafunga globu zake. Indiketa zikaanza kupepesa mbiombio kama moyo wa kuku aliyekimbizwa, akafungua tena, akabadilisha rilei, zikatulia. Kalisti alipowasha taa za mbele, ukuta wa mashine ya kukoboa ukawa mweupe kama shuka ya hospitali. Mbwa aliyekuwa amelala pale akaondoka bila kubweka.

Jioni hiyohiyo Kalisti aliketi kula. Mkewe Sesilia alikuwa amepika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na Kalisti akang'ata mchanga.

"Mama Benjamini, hii mboga au kokoto?"

"Nachambua kwa koroboi, Baba Benjamini. Sioni. Umefunga taa mbele, umefunga nyuma, umefunga ubavuni. Na jikoni?"

Hapo ndipo Kalisti aliposema neno lililomgharimu. Alisema, "Jikoni hakuna barabara."

Nililisikia kupitia minyaa, na nakiri nilicheka. Sesilia hakucheka. Asubuhi alimbeba Benjamini mgongoni, akapanda gari la mtu mwingine, akarudi kwao.

Kalisti alikaa wiki akila mandazi. Aliosha gari mara mbili kwa siku. Mwishowe alikuja kwangu, akachuchumaa, akaniamkia, akaniomba nimsindikize kumfuata mkewe, kwa kuwa mtu haendi peke yake kuomba mke aliyerudi kwao. Huenda na mtu mzima wa kumsemea. Walau hilo bado alilijua. Tukatafuta beberu wa kupeleka ukweni. Mimi nikakaa kiti cha nyuma nikimshika pembe, maana alikuwa mbuzi asiyependa safari. Kiti cha mbele kikabaki kitupu.

Jua lilikuwa limeshazama tulipokaribia kile kijiji. Mwanamke mmoja mwenye kikapu, akitoka mnadani, alisimama pembeni. Alikinga macho kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akapunga. Hakuna anayeweza kuona uso wa dereva nyuma ya mwanga ule. Nadhani alifikiri ni gari la mgodi au la bwana mkubwa fulani. Kalisti alisimama kwa mazoea ya kubeba watu. Mlango ukafunguliwa, kikapu kikaingia, mwanamke akafuata, na gari likaondoka kabla sijasema kitu. Alikuwa Bernadina.

Nilimwona Kalisti shingo ikiingia mabegani kama ya kobe. Hakuamkia.

"Vijana wa siku hizi," Bernadina akasema akijifuta vumbi. "Mtu mzima anaingia garini, hata shikamoo!"

Sikuvumilia. Nikasema kutoka nyuma, "Mwadila, mayu," kwa salamu yetu ya jioni. Mbuzi naye akalia.

Bernadina aliijua sauti yangu. Mimi ndiye niliyemsemea Kalisti siku za posa. Nikasikia akivuta kanga mpaka usoni na kugeukia dirishani. Nikajua yamekwisha. Atafungua mlango aruke, na Sesilia hatarudi maisha yake yote.

Hakuruka. Aliliambia dirisha:

"Wewe dereva. Sikujui, nawe hunijui."

"Ndiyo, mama," Kalisti akajibu kwa sauti ya puani aliyoibuni hapohapo.

"Una mafua?"

"Ninayo, mama."

"Pole. Nina mkwe wangu huko Kagongwa, binti yangu anasema akidanganya naye hushikwa na mafua. Ukikutana naye mwambie hivi. Binti yangu hakuchukia taa. Amechukia kusikia kwamba mahali anapokaa yeye si mahali pa kuonekana. Umeshika?"

"Nimeshika, mama."

"Mwambie Jumapili binti anakuja huko kuchukua nguo zake. Asipoona nguo vizuri atabeba zote. Akiona vizuri, huenda akaziacha. Tena mwambie taa zake za zamani zilikuwa na adabu. Nilikuwa nikiziona nashuka njiani. Hizi za sasa zingeweza kumkosesha mtu heshima, akajikuta ameketi mahali asipotakiwa."

"Kweli kabisa, mama."

"Huyo mbuzi anakwenda wapi?"

Nikajibu mimi. "Kwa mkwe wa dereva."

"Basi nitamfikisha, njia ni moja. Nishushe hapa. Sitaki kuonekana nikishuka kwenye gari la mtu nisiyemjua."

Akashuka na beberu wangu, akaenda bila kugeuka. Kalisti aligeuza gari, tukarudi Kagongwa.

Kesho yake Edward alinung'unika kama anayeng'olewa jino, lakini alizing'oa LED za mbele na kurudisha zile kuukuu. Kalisti alichukua betri ya zamani na kile kipaneli cha sola kilichokuwa kikilisha simu tu, akafunga globu moja kati ya zile za LED juu ya mafiga. Ilivuma kama nyuki, kwa kuwa globu hizo zina kifeni kidogo cha kuzipooza. Mende walihama. Kuku wangu, upande wa pili wa minyaa, wakakosa usingizi, nami nikakosa pamoja nao.

Jumapili jioni Sesilia alifika. Hakuingia chumbani. Alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama juu, akatazama masizi ya miaka yote ukutani, akakaa, akatwaa ungo wa nsansa, akaanza kuchambua. Kalisti alisimama uani akishika mfuniko wa sufuria bila sababu. Kisha nikasikia punje za mchanga zikigonga bati, na sauti ya Sesilia:

"Baba Benjamini, njoo uone. Kumbe barabara ipo, na ina kokoto."

Nguo hazikubebwa.

Nilisafiri na Kalisti tena baada ya mavuno, kwenda Isaka. Karibu na kile kijiji, ile taa ya papai ilimkuta mwanamke mwenye kikapu. Akashuka barabarani mara moja, akaingia katika mabua, akatupa mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kalisti alipunguza mwendo, akatazama upande wa pili kama inavyotakiwa, akashusha kioo, akapiga chafya mbili.