Maragi ya Mama Mukwe Chini ya Kitanda

Pale Kimemi, mutaa wa Butembo, mimi njo mwalimu wa panya. Kila siku ya yenga, kisha ibada, nilikuwa nasimama mbele ya bamama ba kanisa na cahier yangu ya kuandika mukononi, nabafundisha kujikinga na tauni: chakula juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na fasi mutu analala. Panya akikufa, usimushike na mukono mutupu. Mavi yake usifagie makavu, mwanga kwanza maji ya javel, ile dawa ya kuua vijidudu. Bamama banapiga makofi. Kwetu ukishika cahier na kutia kifaransa kidogo, makofi hayakosi.

Sasa karibu nyumbani kwa mwalimu mwenyewe.

Mama mukwe alishuka kutoka Masereka, kwao ku milima, na mifuko mitatu ya maragi, maharagwe ya shamba lake, akae kwetu mpaka magoti yake yapone. Kwao, mavuno yanalala na mwenye kuyalima. Kuyaweka mu depot, gala ya inje, ni kuita jirani aje kuyapima kwa macho. Donc maragi yakaingia chini ya kitanda chake, yote, na mufuko wa mwisho nilisukuma mimi na goti langu. "Aksanti, mwanangu, uko na adabu," akaniambia. Adabu! Nikatembea nayo juma nzima.

Panya ba Butembo hapana wajinga. Banasikia harufu ya Masereka, banakuja na jamaa yote, banakimbia chini ya mama hata mchana. Bwana yangu, fundi wa pikipiki, mutu wa kutengeneza kila kitu, akanunua sumu ku soko, akaimwanga kule bila kuuliza mwalimu aliyemuoa. Wee, banakufa! Mama mukwe akabashika mukia, mumoja mumoja, akabatupa nyuma ya nyumba. Kisha akafagia makavu mpaka vumbi ikajaa chumba.

Mimi nilikuwa nasimama ku mulango. Nilijua vizuri: panya akikufa, viroboto bake banatafuta mwili mwingine, na mwili wa karibu ulikuwa wa mama mukwe. Mais muka mwana anakosoa namna gani mama ya bwana, mu chumba chake, na fagio mukononi? Nikamusalimia, nikaenda kupika.

Kisha siku chache homa ikamuangusha. Wakati wa kumuogesha nikaona uvimbe mu kinena, mukubwa sawa yai. Jameni, tauni! Nikaacha sabuni, nikamuita bwana. Tukamupandisha pikipiki, bwana mbele, mimi nyuma namukumbatia, mpaka ku kituo cha afya.

Infirmier, muuguzi wa pale, akauliza kama panya balikufa mu nyumba. Nikamujibu yote: sumu, viroboto, vumbi, mpaka javel. Somo zima, bila cahier. Akaacha kuandika, akaniangalia. Mama mukwe naye, macho kufunga, masikio wazi, alikuwa anasikia.

Sindano zikamusaidia, Mungu asifiwe. Sisi bengine ba nyumba tukameza vidonge. Siku aliweza kukaa, akaomba uji, akakunywa nusu, akaniangalia.

"Kumbe ulijua."

"Ndiyo, mama."

"Bamama ba kanisa, ulibaambia."

"Ndiyo, mama. Mais wewe, niliogopa utakasirika."

Akaweka kikombe chini.

"Ningekasirika, mwanangu. Siku mbili, tatu. Hasira yangu haijaua mutu hata mumoja."