Nilipotumwa Kuchunguza Mshahara wa Injinia

Kaka yangu alipomaliza chuo kikuu na kuandikwa kazi ya barabara, mshahara wake ulijulikana kanisani kwetu Kiplombe kabla yeye mwenyewe hajaupokea. Watu walipiga hesabu yao. Injinia Mzungu aliyeondoka alikuwa na Land Rover, mpishi na nyumba yenye mabomba mawili ya moshi. Mwafrika akikalia kiti chake, anakalia na mshahara wake. Uhuru si ndio huo?

Baba aliisikiliza hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu alikuwa na yake. Kikundi cha kanisa kilikuwa kinanunua shamba la mlowezi aliyekuwa anarudi kwao, na kila mtu alitakiwa kusema atachukua hisa ngapi. Baada ya kuuza ng'ombe, baba alikuwa na pesa za hisa mbili, au za hisa moja na karo yangu ya kidato cha tano. Kama kaka angeweza kunilipia karo, baba angechukua mbili. Kama hangeweza, kitu kimoja kingeachwa, na mimi nilijua wasichana huachwa kwanza.

Tatizo ni kwamba kwetu mzazi hamuulizi kijana mshahara wake. Ukiuliza, ni kama umeomba. Basi baba akanipa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nimpelekee kaka mjini.

"Wewe ni mdaku," akasema. "Leo udaku wako ufanye kazi."

Sikuona aibu, maana ilikuwa kweli. Mimi nikiona sufuria imefunikwa, lazima nifunue.

Kaka alikuwa amepanga chumba mtaa wa West Indies, katika nyumba moja na karani wa posta. Karani ndiye aliyenifungulia. Ndani nilikuta kitanda, kiti kimoja na jiko la mafuta ya taa. Kabatini kulikuwa na sukari kidogo na nusu ya mkate. Nilitafuta utajiri wa injinia kila mahali, na nilikuwa nimeinama kuchungulia chini ya kitanda kaka alipoingia. Alikuwa ametoka kwenye barabara yao huko Timboroa, nyuma ya lori la kazi, viatu vimejaa tope, kimoja kimeachia soli.

"Umetumwa na Mzee," akasema.

"Nimeleta maziwa."

"Na maziwa ndiyo yanachungulia chini ya kitanda?"

Tukacheka, kisha akanitajia mshahara wake bila kuzungukazunguka. Ulizidi wa mwalimu mkuu wangu, lakini haukufika hata nusu ya ule aliopangiwa kanisani.

"Na yule Mzungu?" nikauliza.

"Huyo alikuwa analipwa nyongeza ya kukaa mbali na kwao. Mimi niko kwetu. Hakuna nyongeza ya kukaa kwenu."

"Lakini Timboroa baridi ni ile ile."

"Waambie hao wanaotulipa."

Nilitaka kujua kila kitu. Je, mshahara utapanda? Akasema utapanda kidogo kila mwaka, na akishafanya kazi miaka kadhaa chini ya injinia mkubwa, apite mtihani na asajiliwe, hapo utaruka. Nikamuuliza kama shamba nalo litangoja asajiliwe. Akamimina mursik.

"Mwambie Mzee karo nitalipa," akasema mwishowe.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jibu nililolitaka. Ningelifikisha hilo tu, baba angepata hisa mbili na mimi ningeenda shule. Lakini mdomo wangu haujui kubakisha. Nilimweleza baba yote: ahadi ya kaka, kiti kimoja, nusu ya mkate, ile soli. Nilipomaliza niliogopa sana, maana niliona nimejifungia mlango wa shule mwenyewe.

"Huyo bado ni mtamba, hajazaa," baba akasema. "Mtamba ukimkamua unamuumiza bure."

Jumapili wanakikundi walikaa nje ya kanisa baada ya ibada. Mwandishi wa kikundi alipofika kwa baba kuandika hisa zake, baba akasema, "Sheya moja."

Watu wakageuka. "Moja, Mzee? Na kijana ni injinia?"

"Injinia ana mambo yake," baba akajibu.

Hapo hapo kaka yangu akawa bahili wa Kiplombe. Akina mama niliosimama nao walitikisa vichwa. Mmoja akasema hivyo ndivyo kusoma kunavyoharibu watoto. Nilitazama chini, uso unaniwaka.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza baba kwa nini hakuwaambia pesa nyingine ni za karo.

"Niwaambie nini? Nimeacha sheya kwa sababu ya msichana?" Akaendelea kutembea. "Sanduku lako la shule litengenezwe ile bawaba iliyovunjika."

Nilienda shule, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini nilimkasirikia baba pia, na hasira hiyo ilikaa nami muda mrefu. Aliweza kuacha hisa ya pili kwa ajili yangu. Kusema hivyo mbele ya watu ndiko kulikomshinda, na akaona afadhali awe na mwana mchoyo.