Vidole vya Wathome

Wathome alichonga vinyago vya twiga kwa mkono kijijini Wamunyu miaka thelathini, mwishowe akanunua msumeno wa umeme. Kisha shamba la sola na upepo likaunganishwa kwenye laini ya umeme ya kijiji, na umeme ukaanza kupanda na kushuka. Siku hiyo wingu lilifunika jua, upepo nao ukatulia, msumeno ukakwama ndani ya gogo. Akaingiza mkono kuuchomoa bila kuzima swichi. Jua likatoka, umeme ukarudi kwa nguvu, vidole vinne vikaenda.

Mhandisi wa shamba hilo alimfuata hospitalini.

“Mzee, umeme ulishuka dakika moja tu. Hiyo iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa.”

“Na huu ndio mkono wangu wa kazi.”

“Pole. Weka alama ya kidole gumba kwenye karatasi hii, kwamba ulisahau kuzima.”

Wathome aliweka, maana kweli alisahau.