Seti Moja, Watoto Wawili

Tambi kavu zina harufu yake. Sisemi za kupikwa; nasema zile za pakiti ndogo ambazo watoto wa Kangle, mtaa wetu, walizivunja kwa ngumi, wakamwagia unga wa pilipili, wakatikisa na kuzitafuna hivyohivyo mbichi. Harufu hiyo, ikichanganyika na mvuke wa pasi na vumbi la vitambaa vipya, ndiyo Guangzhou yangu. Wengine wanaikumbuka miaka ile kwa maghorofa yaliyokuwa yakiota kila kona. Mimi nilikuwa na miaka tisa, maghorofa yalinihusu nini? Nilichotaka kilikuwa ndani ya pakiti: kadi moja ya mchezaji wa mpira wa kikapu, imelowa mafuta kidogo, na namba yake pembeni.

Mama alinunua nguo za jumla kwenye soko la Shisanhang na kuwasafirishia wenye maduka wa Moshi na Arusha. Tulipanga chumba juu ya karakana ya kushona, na chini yetu aliishi Lan, rika langu, binti wa fundi cherehani kutoka jimbo la Hubei. Pesa ya pakiti hatukuwa nayo kila siku, kwa hiyo tukaungana: kadi zote zikawa zetu wawili, tukazitia kwenye mfuko wa plastiki wa shati. Jamani, raha ya kadi zile! Kabla ya kufungua, Lan aliipapasa pakiti akijifanya anaona ndani. Ikitoka tuliyo nayo tayari, tulipiga kelele pamoja, "Meiyou!", kama wauzaji wanavyomwambia mteja kwamba hakuna kitu, kisha tukaenda kuibadilisha na watoto wa uchochoro wa pili. Kichina nilikipatia huko. Watoto waliokuwa wakinishika nywele wakaacha nywele, wakaanza kuniuliza nina namba zipi.

Siku tulipopata kadi ya mwisho, seti ikatimia, tuliruka mpaka mafundi wakagonga dari. Haikuchukua muda, baba yake Lan akatangaza kwamba wakienda kwao kwa mwaka mpya, binti atabaki kijijini kwa bibi yake, asome huko.

Tukakaa ngazini kugawana, tukakwama. Shisanhang shati haliuzwi moja. Unachukua pakiti nzima, saizi zote na rangi zote, na ukiomba moja tu, tajiri anakutazama kama umemtukana. Mimi nimekulia humo, na Lan baba yake ndiye anayezishona hizo pakiti. Wazo la kukata seti nusu kwa nusu halikutuingia akilini hata kidogo. Basi abaki nayo mmoja. Nani sasa? Hapo tukanuniana. Tukampelekea mama kesi, naye alikuwa akifunga mzigo kwa selotepu. Mimi nilishajihesabia ushindi, maana hakimu ni mama yangu.

"Mzigo huchukuliwa na anayesafiri," akasema, hata kichwa hakuinua.

"Mama! Mimi si ndiye mwanao?"

"Ndiyo maana. Wewe una mimi, na uchochoro mzima unakujua. Mwenzio anakwenda kwa bibi asiyemzoea na shule asiyoijua. Atawaendea watoto wa watu na nini?"

Weee, roho iliniuma! Nilimkabidhi Lan mfuko huku nimegeukia ukuta. "Xiexie, ayi," akamwambia mama, asante shangazi, na mkono wake ukanigusa bega. Asubuhi tulimsindikiza kituoni. Alipanda basi ameukumbatia ule mfuko, nami nikalia njia nzima ya kurudi. Mama akaniuliza nalilia kadi au nalilia mtu.

Siku hizi mwanangu naye anakusanya kadi, za wachezaji wa mpira wa miguu, hapa hapa Moshi. Inayokosekana anaitafuta kwenye simu, mimi nalipia, inaletwa. Anafurahi kweli, na sitamsimanga kwamba raha yetu ilikuwa kubwa kuliko yake. Majuzi nilipomsimulia habari za Lan, akapekua simu yake mpaka akaipata seti yetu, ileile, nzima, inauzwa.

"Mama, tuagize?"

Nikamwambia aachane nayo. Ninachokitaka yule muuzaji hana. Nataka kujua kama siku ya kwanza shuleni kule Hubei, Lan alipofungua mfuko wake, kuna mtoto aliyesogea akakaa naye.