Siku Tuliyomsindikiza Mtoto wa Jangwani

Niliondoka nyumbani Stratford, mashariki ya London, kabla hakujapambazuka vizuri, kwa sababu ya ujumbe wa mtu ambaye sikuwa nimesikia habari zake tangu utotoni. Anaitwa Doreen. Tulisoma darasa moja katika kijiji cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, katikati ya jangwa. Baba yangu, mtu wa Tabora, alipata kazi ya uuguzi katika zahanati ya kijiji kile, akatuchukua mama na mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Sasa Doreen alikuwa ameniandikia kwamba yuko London na baba yake. Wamekuja kuchukua mifupa ya mtoto wa ukoo wao, ambayo msafiri mmoja aliileta Uingereza zamani sana, ikawekwa katika ghala la makumbusho. “Tunaogopa kwenda peke yetu,” aliandika. “Njoo.”

Treni ya njia ya Jubilee ilikuwa imejaa wafanya usafi, wengine wanarudi nyumbani, wengine ndio wanakwenda kazini, karibu wote wamefumba macho. Na mimi nilifumba yangu, nikaiona ile shule. Lilikuwa jengo moja la mabati, vumbi jekundu likiingia hata madirisha yakifungwa. Wakubwa na wadogo tulikaa chumba kimoja. Mwalimu alitoka mjini, na kila baada ya miezi michache aliondoka akaletwa mwingine, naye akaanza upya kutuuliza majina.

Wengi wa watoto wale walikuwa hawasikii vizuri. Masikio yao yalitoka usaha tangu wakiwa wachanga. Mwalimu alidhani ni wakaidi, akawapigia kelele, nao wakainamisha vichwa. Baba ndiye aliyewapima akakuta ngoma za masikio zimetoboka. Deski langu nilikaa na dada yake Doreen. Mimi naitwa Rozi, naye alikuwa Rozi. Sikio lake zima lilikuwa la kushoto, kwa hiyo nilikaa kushoto kwake, nikamrudishia polepole kila alilosema mwalimu. Wakati wa mapumziko alinilipa kwa kunifundisha kuchimba chungu wa asali, wale wadudu wenye tumbo la duara kama punje ya zabibu. Unamshika kichwa, unanyonya tumbo.

Nilibadili treni Wembley Park, nikashuka Rayners Lane. Hapo anakaa Bi Nasrin, mzaliwa wa Tanga, ambaye nilimtunza marehemu mama yake katika kazi yangu ya kulea wazee. Wageni wangu walikuwa wamepangiwa hoteli ambayo madirisha yake hayafunguki, na mzee hakuweza kulala, basi nilimwomba Bi Nasrin awapokee.

“Karibu, Mama Neema,” aliniambia mlangoni. “Babu kalala uani kwenye baridi hii. Nimempa magodoro, kakataa. Nikampa mablanketi, kachukua.”

“Amekula?”

“Chai tu. Na kaniuliza kama anaweza kukata matawi ya mkaratusi wa jirani. Nimeenda kumwombea mwenyewe. Jirani kashangaa, lakini katoa.”

Mkaratusi, ule ule uliozunguka shule yetu ya msingi Tabora, ni mti wa kwao. Walihitaji moshi wa majani yake kumtakasia mtoto njia, na walikuwa wamekatazwa kusafiri na majani. Bi Nasrin akatoa pia seredani yake ya makaa.

Doreen alitoka jikoni. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, lakini macho yalikuwa yale yale. Tulikumbatiana. Kisha baba yake akainuka pale uani, akanitazama, akaniita kwa jina langu: “Rozi.”

Mara ya mwisho nilipokuwa kijijini kwao, hakuna aliyetaka kulitamka jina hilo.

Katikati ya asubuhi gari lilikuja kutuchukua. Ghala lilikuwa magharibi ya jiji, kati ya karakana za magari na maduka ya vigae. Mama mmoja mpole, msimamizi wa ghala, alitupitisha kwenye korido zenye baridi, rafu za chuma pande zote mbili. Mzee alitembea akitazama chini. Doreen aliniambia kwamba hataki kuona nani wengine wamo humo.

Juu ya meza palikuwa na sanduku la mbao, urefu wake hauzidi mkono wangu.

“Alikuwa na umri gani?” mzee aliuliza.

“Miaka kumi hivi,” yule mama alijibu. “Labda kumi na mmoja. Hatujui kama ni wa kiume au wa kike. Nasikitika.”

Mzee aliweka viganja vyake juu ya kifuniko, akaanza kuzungumza kwa lugha yao, sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mtoto asubuhi. Alizungumza muda mrefu. Nilimuuliza Doreen anasema nini.

“Anamtajia watu wake. Anamwambia wanamngoja.” Akafuta pua. “Sasa anamwambia atapanda ndege, asiogope.”

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye maegesho nikapuliza makaa ya seredani ili nipate la kufanya. Rozi wa deski langu alikufa akingoja ndege. Moyo wake ulikuwa umeharibiwa na homa ya baridi yabisi, na siku moja alianguka uwanjani akishindwa kuvuta pumzi. Baba aliita ndege ya wagonjwa. Mvua isiyo ya kawaida ilikuwa imeugeuza uwanja wa ndege kuwa tope, na rubani alizunguka juu yetu akashindwa kutua. Baba alikesha naye. Asubuhi alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi na hakuvua viatu.

Kesho yake nilikwenda shule. Hakuna mtoto aliyeniita Rozi. Waliniita Kunmanara, neno nisilolijua, na walilisema huku wakitazama pembeni. Watu wazima walikuwa wamehama nyumba zao na kwenda kukaa nje ya kijiji, chini, kwenye mchanga. Nilimwambia baba. Aliuliza, “Hawataki hata kukuita jina lako?” Nikajibu hawataki. Tope lilipokauka tuliondoka kwa gari, bila kuaga, na baba hakufanya tena kazi ya uuguzi maisha yake yote.

Walilitoa sanduku nje. Mzee aliweka majani juu ya makaa, moshi mweupe ukapanda, akalipitisha sanduku ndani yake, kisha sisi mmoja mmoja. Wafanyakazi wa karakana ya jirani walisimama kutazama. Mmoja wao akavua kofia.

Alasiri tulifika uwanja wa ndege. Sanduku lilipokwisha kupokelewa, tulikaa kwenye viti tukingoja. Mzee aliniuliza, “Baba yako yuko hai?”

“Alishafariki, mzee.”

Aliinamisha kichwa. Baadaye akasema, “Tulimtafuta. Nilimtuma mdogo wangu aje kumwita. Alikuta nyumba imefungwa.”

“Mlimtaka kwa nini?”

“Akae nasi.” Alinitazama kana kwamba swali langu halina maana. “Yeye ndiye alikuwa na mtoto wangu mpaka mwisho. Alikuwa mfiwa. Tulimtandikia blanketi lake kule mchangani, karibu na langu. Hatukulikunja mpaka msiba ulipokwisha.”

Doreen alinishika mkono, nami nikamuuliza juu ya lile neno.

“Kunmanara? Ni la kila mtu mwenye jina la marehemu,” alisema. “Mtoto akifa, jina lake hatulitamki, linawaumiza wazazi. Kwa hiyo na wewe tukakuficha jina. Siku hizi linatajwa. Binti yangu mdogo ndiye Rozi sasa. Ulidhani nini?”

Tulidhani wanamlaumu baba kwa kifo cha Rozi, lakini hilo sikumwambia.

Jioni, njiani kurudi Stratford, nilishuka kituo ambacho si changu ili nipate mtandao, nikampigia mama Tabora. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kando ya ukuta, watu wakinipita. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nawasaidia wageni kubeba msiba wao. Nilichojifunza ni kwamba huwezi kusoma hasira katika uso wa mtu wa lugha nyingine, ukajihukumu mwenyewe, ukaondoka. Baba alifanya hivyo, kwa neno nililomletea nikiwa mtoto nisiyelielewa, na akaishi nalo miaka yote.

Nilidhani simu imekatika.

“Mama?”

“Nipo,” alisema. “Nirudie pale pa blanketi.”

Nikarudia.